Nakshi za Bwana Jeilani

Inatangazwa kwa wananchi wote, wa visiwani na wa bara, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia sasa huduma za Ofisi ya Hifadhi ya Majumba ya Kale zitamfuata mwananchi nyumbani kwake. Kwamba hakuna kibali kitakacholala ofisini. Na kwamba zama za mtu kupanda ngazi za serikali akiwa na bahasha mkononi zimekwisha, zimezikwa, na hazitafufuliwa. Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti na Mkurugenzi wa ofisi, Bwana Bakr, aliyevaa suti siku ya joto kali ili jambo lenyewe lionekane zito. Watu walipiga makofi. Punda wawili waliobeba mchanga walipita katikati ya hadhara, na kwa kuwa hawakuwa na kibali cha kupita hapo, walipita haraka.

Nyuma ya Mkurugenzi alisimama Bwana Jeilani, karani wa vibali, kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa, imekaa sawasawa kichwani. Ndiye aliyeliandika tangazo, na hakulisikiliza. Alichokitazama ni karatasi yenyewe mkononi mwa Bwana Bakr: ukingo wake ulizungukwa na maua yaliyofumana na mnyororo, na kila pembe ilikuwa na waridi la mviringo kama yale yanayochongwa juu ya milango ya mjini. Maua hayo yalimchukua wiki nzima. Maneno yalimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Katika mgawanyo huo wa kazi hakuona kasoro yoyote.

Ili mtu amwelewe Jeilani, inafaa ajue kwamba babu yake alikuwa mchonga milango, na baba yake pia, na kwamba yeye mwenyewe alipopewa patasi ya kwanza alijikata kidole. Alipopewa ya pili aliukata mlango wa mtu. Familia ikashauriana, ikaona kwamba serikali ndiyo inayomfaa.

Aliingia kazini zama za taipureta, mashine ambayo pambo lake lilikuwa nyota na mstari, basi. Miaka hiyo yote alikuwa karani kama makarani wengine: alipiga chapa kibali asubuhi, kikatoka mchana, mwenye nyumba akaenda zake. Halafu ikaja kompyuta. Siku alipogundua kwamba ndani ya programu ya kuandikia kuna mahali pa kuuzungushia ukurasa ukingo, na kwamba ukingo huo waweza kuwa wa maua, alipitwa na sala ya jamaa. Damu ya wachonga milango ilikuwa imepata pa kutokea, tena pasipo na patasi.

Tangu hapo kibali cha Ofisi ya Hifadhi hakikuwa tena karatasi ya kumruhusu mtu apake chokaa. Juu kabisa kilikuwa na Bismillahi kwa mwandiko wa fahari, umepindwa ukawa umbo la tunda. Chini yake nembo. Chini ya nembo jina la mwenye nyumba, na hapo ndipo ilipokuwa elimu. Jeilani hakuamini kwamba majina yote yana haki ya herufi moja. Sharifu alipata herufi nzito zenye kivuli. Tajiri alipata za dhahabu. Mwalimu wa madrasa alipata za kijani. Aliyehamia kutoka bara, hata kama amekaa mpaka ana wajukuu, alipata herufi za kawaida, wima, zisizo na kivuli, ili asijisahau. Marehemu, ambao nyumba nyingi za mjini zingali kwa majina yao, walipata kijivu. Kila mtindo aliuhifadhi ndani ya programu kwa jina lake: Sharifu, Sharifu Mkubwa, Sharifu wa Pili, Sharifu Marehemu, Tajiri, Tajiri wa Kale, Tajiri Aliyefilisika. Huyu wa mwisho alibakishiwa dhahabu yake, ila ilififishwa kidogo.

Si haki kumlaumu karani peke yake. Watu walipenda. Wengine walikitia kibali ndani ya fremu ya kioo, wakakitundika sebuleni, wakaridhika, na ukuta uliokusudiwa kukarabatiwa ukaendelea kumeguka taratibu bila kumsumbua mtu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyerudisha kibali kwa malalamiko kwamba shemeji yake amepewa maua manene kuliko yake. Jeilani alimnenepeshea. Hakuna siku aliyorudi nyumbani akiwa na furaha kama ile.

Jambo la pili la kumjua Jeilani ni kwamba hakufuta kitu. Mjini humo karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani. Hukusanywa, ikachomwa kwa adabu au ikazamishwa baharini mahali penye kina. Ni desturi njema na hakuna anayeibishia. Lakini pembeni mwa kioo cha kompyuta ya ofisi palikuwa na picha ya ndoo ya taka, na kila faili iliyofutwa iliingia humo kwa sauti ya karatasi inayokunjwakunjwa. Jeilani aliisikia sauti hiyo mara moja, kibali cha kwanza alichokosea, akakaa akitazama ndoo kwa muda mrefu, kisha akaapa kwamba haitasikika tena kwa mkono wake. Wala hakupenda kuwa na faili nyingi, kwani vitu vikizagaa kuna siku atatokea mtu wa kuvifagia. Basi kila kibali kipya alikiandika chini ya kile cha jana, ndani ya hati ile ile moja, Bismillahi chini ya Bismillahi, maua chini ya maua. Hati hiyo aliipa jina Kibali. Ilianza kabla ya Mkurugenzi huyu, na kabla ya yule aliyemtangulia, na kama utawala mwingine wowote uliodumu, hakuna aliyewahi kuisoma yote.

Mwanzoni ilikuwa akibofya herufi nzito, herufi zinanenepa papo hapo. Kisha zikawa zinanenepa baada ya kitambo cha kuweka kofia sawa. Kisha kikatokea kijiduara cha buluu, kikawa kinazunguka. Kisha kioo chote kikawa kinapauka kama uso wa mtu aliyeambiwa habari mbaya, na juu kabisa kunaandikwa kwamba programu haijibu. Jeilani hakuona kwamba kuna ugonjwa. Alizoea, kama mtu anavyozoea goti linalouma. Alikuwa akibofya, anashuka kunywa kahawa, anamjulia hali muuza nazi, anapanda, anakuta jina limenenepa, anabofya kivuli, anashuka tena.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wiki ya tangazo, pale dada yake mkubwa, Bi Umulkheir, alipopanda ngazi za ofisi akiwa na bahasha mkononi.

Bi Umulkheir alikuwa mjane, na aliishi peke yake katika nyumba ya mawe ya wazazi wao, nyumba yenye ghorofa na mlango uliochongwa na babu kwa mkono wake. Jeilani mwenyewe alikuwa amejenga kijumba cha chini nje ya mji mkongwe, chenye bati, kwa sababu mambo ya kale aliyapenda zaidi yakiwa kwenye karatasi.

"Jeilani," alisema Bi Umulkheir hata kabla ya kuketi, "boriti ya chumba cha juu imelia."

"Imelia vipi, dada?"

"Imelia ka. Kisha ikanyamaa. Kisha ikalia ka-ka. Fundi ametia nguzo chini yake, lakini asema yeye hatii boriti mpya mpaka aone karatasi yenu, hataki kutozwa faini. Boriti ziko mlangoni tangu yana. Mbuzi watafuna kamba."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Katika mji mkongwe hakuna anayegusa paa bila kibali, hata kama paa lenyewe limeshaanza kumgusa yeye.

"Na nguzo itashika?" akauliza Jeilani.

"Itashika kukiwa kukavu. Wewe una mato, tizama dirishani. Mvua inakuya. Dari ya chokaa ikishiba mai, haingoji mtu."

"Utakipata yeo yeo, dada. Si umelisikia tangazo?"

"Nimelisikia. Limesema mtanifuata nyumbani. Nimekaa, hamkuya. Nimekuya miye."

Jeilani alimketisha, akafungua hati, ambayo ilihitaji muda wake kufunguka, akateremka hadi mwisho, akaandika jina la dada yake. Kwa ajili ya ukoo wao alikuwa na mtindo maalumu, aliouita Mafundi Wakuu, wenye herufi nzito, kivuli, na mstari uliopindapinda chini kama njia ya mdudu atafunaye mbao. Akaliteua jina. Akabofya. Kijiduara kikaanza kuzunguka.

Bi Umulkheir akakitazama. "Kimekwama?"

"Kinafikiri."

"Kinafikiri nini? Jina langu si geni mjini."

"Ni mitambo, dada. Ina ndia zake."

"Baba alikuwa akichonga jina la mtu kwenye mninga kabla ya hiki kidude kumaliza mzunguko wake mmoya."

Jeilani akajibu kwamba mninga ni mambo ya zamani. Adhuhuri ilipoadhiniwa jina lilikuwa bado jembamba, na Bi Umulkheir akateremka ngazi kwenda kuitazama nguzo yake.

Mkurugenzi alipoambiwa kwamba kibali cha kwanza tangu kusomwa tangazo lake kimekwama, aliitisha kikao. Bwana Bakr alikuwa mtu wa kukabili matatizo uso kwa uso, yaani alipenda kuyaketisha mezani na kuyapa maji ya chupa. Mhasibu, mwenye shahada, alisema tatizo ni mtandao. Akakumbushwa kwamba kompyuta ile haijaunganishwa na mtandao. Akasema basi ndiyo maana. Afisa wa majengo alisema ni upepo wa chumvi, na kwa hiyo meza ikageuzwa ili mgongo wa kompyuta usielekee baharini. Tarishi aliisugua kibodi kwa mswaki. Bwana Bakr mwenyewe, baada ya kutafakari, aliagiza kinunuliwe kipanya kipya, kwa hoja kwamba herufi nzito hubofywa kwa kipanya, na kipanya kilichochoka kitabofya kwa uchovu. Kipanya kikaja, chekundu, kina taa tumboni. Jeilani akabofya. Kijiduara kikazunguka kama kawaida, ila sasa na taa.

Hapo ndipo makao makuu yalipoombwa fundi, akaletwa Bi Wamuyu. Alifika kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi mjini, miguu imemvimba, begi mgongoni, na sura ya mtu ambaye ameshaitengeneza kompyuta hiyo hiyo katika kaunti nyingine nyingi na hajawahi kushukuriwa.

"Shida ni gani, mzee?"

"Nikibofya herufi nzito, inakawia."

"Inakawia kiasi gani?"

"Hushuka nikanywa kahawa."

"Ukirudi unakuta imemaliza?"

"Nikipitia na kwa muuza nazi."

Bi Wamuyu hakucheka. Aliifungua programu ikiwa tupu, bila vikorokoro vyake vya ziada. Hali ikawa ile ile. Akatazama printa, akakuta kwamba kila kibofyo programu ilikuwa ikiitafuta kwanza printa ambayo Mkurugenzi aliyepita alihama nayo. Akaielekeza kwenye printa iliyopo. Ikapungua kahawa, muuza nazi akabaki. Akazima ile tabia ya programu kuonyesha kila pambo kabla mtu hajalichagua. Muuza nazi akapungua nusu. Kisha akafungua ukurasa mpya mweupe, akaandika jina lake, akalibofya, na herufi zikanenepa kabla kidole hakijainuka.

Bwana Bakr akakitazama kipanya chake chekundu.

"Mashine ni nzima," alisema Bi Wamuyu. "Mgonjwa ni hati yako." Akairudia ile hati, akaanza kuteremka nayo. Aliteremka, akateremka, akabadilisha mkono, akaendelea kuteremka. "Mzee, hii ni hati ya nini?"

"Ya kibali."

"Kibali kipi?"

"Vyote."

Bi Wamuyu akafungua orodha ya mitindo. Masharifu wakapita kiooni kama wanakwenda ziara, wakubwa kwa wadogo, wazima kwa marehemu, wakifuatwa na matajiri. Akafunga orodha polepole, kama anayefunga mlango wa chumba chenye watu waliolala.

"Sikiza. Ukigusa herufi moja hapa, programu inaanza kupima kurasa zote upya, inayachora maua yote, inamuuliza kila Sharifu kama yuko sawa. Ni kama umemtwika punda mmoja mji mzima, halafu unamuuliza kwa nini hakimbii."

"Basi tununue punda mkubwa zaidi," akasema Bwana Bakr, ambaye katika kila tatizo husikia ununuzi.

"Hata ukinunua ndovu, boss. Hii hati ifutwe, ama igawanywe."

"Ifutwe?" Jeilani akasimama. "Iende wapi?"

"Trash. Hapo, kwa ndoo."

"Astaghfirullah. Jina la Mola, mara zote hizo, ndani ya ndoo ya taka?"

"Ni picha tu ya ndoo, mzee."

"Na jina nalo ni picha tu?"

Swali hilo halikuwa baya, na Bi Wamuyu, ambaye hakuwa ametumwa kuja kulijibu, alisema waulizwe wanaohusika, watu wa dini. Jeilani akatoka hadi msikitini, akamkuta Ustadh Shekhan amejinyoosha baada ya darasa, akamweleza. Ustadh akasikiliza hadi mwisho.

"Kuna karatasi?" akauliza.

"Hakuna, Ustadh."

"Kuna wino?"

"Hakuna."

"Kuna ndoo?"

"Kuna picha."

"Bwana Jeilani, futa. Au usifute. Kamtengezee dadako paa."

Jeilani alirudi ofisini akiwa amefadhaika. Jibu fupi namna ile halikumwingia akilini kuwa lilifikiriwa vya kutosha. Alikusudia kumtafuta mwanachuoni mwingine, mwenye maneno zaidi.

Lakini Bi Wamuyu alikuwa na basi la kurudi, hakuwa na wanachuoni. "Basi usifute," alisema. "Ifunge, iache ipumzike hapo ilipo, hakuna anayeitupa mahali. Kila kibali kipya, hati mpya. Wacha nikuonyeshe." Akaandika kibali cha Bi Umulkheir kwenye ukurasa mweupe: jina, nyumba, boriti za ghorofani, ruhusa, mahali pa sahihi. Alimaliza kabla chai aliyoandaliwa haijapoa. "Chapisha, tia sahihi, mpelekee mama wa watu. Na mzee, tafadhali. Usikopi kitu chochote kutoka kwa ile ya zamani. Hata ua moja. Ukikopi ua moja, wote watakuja."

"Nimeelewa," alisema Jeilani, kwa sauti ya mtu aliyesikia.

Bi Wamuyu akashuka gatini. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaifungua. Kilichobaki ni kuchapisha karatasi moja na kuivusha vichochoro viwili.

Jeilani akaketi mbele ya kibali kile akakitazama. Kilikuwa sahihi. Kila neno lilikuwa mahali pake. Na katikati yake jina la dada yake, binti wa mchonga milango, mjukuu wa mchonga milango, lilisimama kwa herufi za kawaida, wima, zisizo na kivuli: herufi za mtu aliyehamia. Kwa miaka mingi alikuwa ameufundisha mji kulisoma jina kwa unene wake. Sasa watu watakiona kibali hiki kwa fundi, watakisoma, na watafahamu.

"Bwana Mkurugenzi, niachie mpaka alasiri."

"Kwani kina nini?"

"Kiko uchi."

Bwana Bakr akainama akakitazama. Alikuwa amekwisha kumwita mpiga picha, kwa kuwa hicho ndicho kibali cha kwanza cha zama mpya, na ni kweli kwamba kwenye picha kingeonekana kama risiti ya duka la simenti. Akafunga kalamu. "Mpaka alasiri," akasema.

Jeilani aliifungua hati ya zamani. Alichukua ukingo, ukingo tu. Akaona haifai ukingo bila Bismillahi, akaichukua. Akauchukua mtindo wa Mafundi Wakuu. Akakopi, akapesti, akahifadhi, yote hayo kwa uangalifu mkubwa na kwa mkono mwepesi ambao patasi haikuwahi kuujua. Maua yakaingia kwenye ukurasa mweupe. Nyuma ya maua wakaingia Masharifu wote, wakubwa na marehemu, na matajiri wao, na kurasa nyingine ambazo hakukumbuka kuziteua, kwa kuwa katika kuvuta kipanya chekundu alivuta mbali kidogo. Kijiduara kikatokea. Kioo kikapauka.

Nje, tone la kwanza likagonga bati la kibanda cha muuza nazi.

Bi Umulkheir alifika kabla ya magharibi, buibui limemganda mwilini kwa maji, amevua viatu.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, dada. Kinavalishwa."

"Kinavalishwa nini?"

Jeilani akatazama kibodi. "Maua."

Bi Umulkheir akakamua ncha ya buibui lake, maji yakatiririka sakafuni.

"Jeilani. Nipa hicho kilicho uchi. Nitakisitiri miye kwa kanga yangu."

"Hakipo tena. Nimehifadhi hiki juu yake."

"Fundi yuko mlangoni kwangu, ameroa, boriti zimeroa, nguzo imeanza kuinama. Ataka karatasi moya. Hata ikiwa juu ya gunia."

"Kesho asubuhi, inshallah. Kikimaliza kufikiri."

Bi Umulkheir akavaa viatu vyake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba alikunyang'anya patasi mapema," alisema. "Mungu amrehemu. Alijua."

Asubuhi yake, Jumanne, mvua ikiwa haijakatika, chumba cha juu cha nyumba ya Bi Umulkheir kilihamia chumba cha kati, na vyote viwili vikahamia chini. Mwenyewe alikuwa uani akiwafukuza mbuzi kwenye kamba, na ndiyo sababu hakuumia. Ni mbuzi wale wale ambao kwa siku kadhaa alikuwa akiwaombea maradhi. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilipasuka na sahani za bibi yao zilizomo. Majirani waliokuja mbio walikuta vumbi la chokaa linapanda na mvua inaliteremsha. Mlango wa babu ulibaki umesimama, umefungwa kwa komeo, maua yake yote mahali pake.

Jeilani alifika akiwa hana mwavuli. Alisimama mbele ya mlango ule, akaligusa waridi la mviringo pembeni, akaona kwamba lake la kompyuta lilikuwa na petali moja zaidi. Hilo ndilo alilolifikiria, na alijua kwamba si lililofaa kufikiriwa wakati huo, na bado alilifikiria. Kisha akaenda kumtafutia dada yake kanga kavu.

Afisa wa majengo alipima kifusi, akaandika kwamba paa limeanguka bila kibali.

Alhamisi kijiduara kilisimama. Hakuna aliyekigusa, kilisimama chenyewe, na kibali kikaonekana kimekamilika, Bismillahi juu, waridi kwenye kila pembe, jina la Bi Umulkheir zito lenye kivuli. Watu wa ofisi walikusanyika wakakiri kwamba hawajapata kuona kizuri namna hiyo. Kilimruhusu mwenye nyumba kubadilisha boriti za ghorofani. Bwana Bakr aliweka sahihi, mpiga picha akapiga picha. Hati mpya, pamoja na Masharifu wake, ikahifadhiwa kando ya ile ya zamani, na kibali cha mtu aliyefuata kikaanza kuandikwa chini yake.

Taarifa iliyopelekwa makao makuu ilisema kwamba kibali cha kwanza chini ya utaratibu mpya kimemfikia mwananchi nyumbani, kikiletwa na karani kwa mkono wake, bila mwananchi huyo kupanda ngazi hata moja kukipokea. Taarifa hiyo ni ya kweli. Jeilani alikibeba jioni ndani ya bahasha, akamkabidhi dada yake baada ya chakula. Bi Umulkheir analala chumba cha mbele cha Jeilani tangu Jumanne, na kijumba kile hakina ngazi.